Doa Lililohama

Risasi ya kwanza ilikula vumbi.

Ya pili ikala tairi.

Fuso la tumbaku likayumba kama mlevi anayetafuta kwao, likaiacha barabara ya Urambo, likajikita kwenye kichuguu. Ridhaa aliibwaga pikipiki yake, Honda XL, bastola ya Glock mkononi, akaufungua mlango wa dereva.

"Teremka, kaka. Taratibu."

Dereva, Ezekia jina lake, aliteremka anacheka. Kicheko cha mtu aliyezoea kupekuliwa na askari wanaoishia kupiga chafya.

Leo Ridhaa na vijana wake hawakuishia chafya. Chini ya marobota ya mwisho palilala meno ya tembo ndani ya magunia, mengine na damu kavu kwenye mashina. Tembo wa Ugalla. Hukohuko alikouawa Damas, askari wa wanyamapori, juma lililopita. Walimpiga risasi ya mgongoni.

Kicheko kikakauka.

"Nani kakutuma?"

"Simjui."

"Unampelekea nani?"

"Naye simjui. Haki ya Mungu, mkubwa, hatujuani! Naangalia ramani, nashusha, naondoka."

Ridhaa akaichukua simu ya dereva, Tecno yenye kioo kilichopasuka. Hamna ujumbe. Hamna aliyepiga wala aliyepigiwa. Kulikuwa na ramani ya ardhi ya mkoa, ileile ambayo mkulima yeyote huifungua mtandaoni aone mpaka wake: mistari myeusi ya wapima ardhi wa zamani, imelazwa juu ya picha ya setilaiti.

Akapiga Dodoma.

"Theodora. Nieleze ramani hii kama unamweleza shangazi yako."

Theodora, mtu wa kompyuta wa Idara yao ya upelelezi, hakuwa mtu wa salamu. "Ni karatasi kuukuu iliyoskaniwa. Nyeusi na nyeupe, basi. Seva ikiitoa, nyeupe yote inageuzwa kioo, unaona ardhi chini yake. Nyeusi inabaki."

"Nyeusi ipi?"

"Yote. Mipaka, majina, visima vya misafara. Na uchafu humohumo. Mavi ya nzi, matone ya wino. Seva haijui kuchagua."

Ridhaa alikodoa macho. Ezekia alikuwa amehifadhi pia picha ya ramani hiyohiyo, ya juma lililopita. Akazihamishia zote mbili kwenye tableti yake, akalaza moja juu ya nyingine. Mpaka ukakaa juu ya mpaka. Uchafu ukakaa juu ya uchafu.

Isipokuwa doa moja.

Juma lililopita lilikuwa kando ya mto. Leo lilikuwa Itetemia, kwenye kisima cha misafara.

"Theodora, uchafu wa karatasi huwa unahama?"

"Hauhami. Kuna anayeweka alama ya pa kushushia."

"Ufunguo wa seva anao nani?"

Theodora akatafuta. "Mtu mmoja tu. Hamoudi Thabit, hapohapo Tabora. Unamjua?"

Kumjua!

Mama yake Ridhaa alikufa kabla mtoto hajatimiza arobaini. Bi Kuluthumu, mama wa Hamoudi, akamwokota, titi moja kwake, titi moja kwa Hamoudi. Ndugu wa kunyonya. Tabora nzima inajua, na hadi leo kuna vibaraza wanakobishana nani alimaliza maziwa ya mwenzake.

"Namjua," alisema.

"Basi sikia. Mnunuzi tunayemwinda ni Bernardo. Wamejaribu kumkamata nchi tatu, kote kaacha maiti. Na Itetemia pana nyumba, pana watoto. Doa lihamie Kigwa, kwenye ghala bovu kando ya reli. Bernardo huangalia ramani mpaka dakika ya mwisho, atalifuata. Vijana watabadilisha tairi, watatangulia na hilo Fuso. Ila seva haifunguki bila ufunguo wa Hamoudi. Ni kijiti cha kuchomeka, hakimtoki mfukoni."

"Leo anamwoza binti yake."

"Vizuri. Hutapiga hodi."

Nyumba ya Hamoudi ilikuwa imejaa hadi paka amekosa pa kupita. Taarabu inalia, vigelegele vinajibu, na ukumbini akina mama walikuwa wameshampima bwana harusi wa binti huyo, Aya.

"Mfupi, lakini ana mwendo."

"Ana mwendo wa kwenda wapi, shoga? Akisimama hujui kama kasimama!"

Ridhaa akajipenyeza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Bi Kuluthumu alimkagua juu hadi chini. "Vumbi lote hili, umetoka kuchimba kaburi? Kaa ule."

"Nifungie tu, mama. Nina haraka."

Bi Kuluthumu akamkamata sikio mbele ya watu. "Wanaofungiwa chakula ni wageni. Watoto wa nyumba hii wanakaa chini, wanakula siniani. Kaa!"

Akakaa. Pilau halina mfano, lakini kila tonge lilishuka kama jiwe.

Kisha udi ukatangulia, Hamoudi akafuata, kanzu nyeupe inang'aa. "Mwizi wa maziwa yangu!" alipaza sauti, mikono wazi. Watu wakacheka.

Ridhaa akamkumbatia.

Kwa nguvu. Kwa muda.

Vidole viwili vikazama kwenye mfuko wa kanzu, vikaibuka na kijiti.

Uani, nyuma ya lundo la kuni, akakichomeka kwenye tableti. Sauti ya Theodora ikapita kwenye kidude cha sikioni.

"Nimeingia. Nafuta la Itetemia. Naweka la Kigwa. Doa moja jeusi, uchafu kama uchafu mwingine. Toka hapo."

Alitoka.

Kigwa, jua kali. Prado nyeupe ikaja bila haraka, ikasimama ubavuni mwa Fuso. Bernardo akashuka, suti ya kitani, akafungua gunia, akanusa jino kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mikono juu," Ridhaa alisema toka nyuma ya ghala.

Mkono wa Bernardo ukaenda kiunoni.

Glock ilikohoa mara moja.

Bastola ya Bernardo ikarukia relini. Yeye akapiga magoti, ameshika kiganja kinachovuja, macho kwenye simu iliyoanguka mchangani. Ramani bado ilikuwa wazi.

"Ramani yenu..." aliguna.

"Ina uchafu," Ridhaa alisema.

Redio ikakoroma. "Mzigo?"

"Upo."

"Mnunuzi?"

"Hai."

"Bado mmoja."

"Niachieni. Bibi harusi atoke kwanza."

Ridhaa alirudi wakati Aya akipanda gari la maua. Hamoudi alikuwa getini, anapunga mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni, unapapasa pasipo kitu.

"Ulinikumbatia," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Nikadhani umenikumbuka ndugu yako."

"Nilikukumbuka pia."

Hamoudi akacheka kicheko kibovu. "Watu wote hawa ndani, nani anawalisha? Mshahara wa kutunza mipaka ya mashamba? Babu zetu walipita hapahapa na meno hayahaya. Leo majumba yao watu wanayatazama kwa kiingilio."

"Damas naye alikuwa na nyumba."

"Damas gani? Mimi naweka doa tu. Huyo simjui."

"Najua," Ridhaa alisema. "Hamjuani."

Vijana wawili waliovaa kanzu wakamshika Hamoudi viwiko, kwa adabu, kama wanaomsindikiza mzee. Lakini nyumba iliyojaa haina siri. Kigelegele kimoja kikakatika, cha pili kikafuata. Taarabu ikazimwa katikati ya ubeti.

Bi Kuluthumu alitoka hadi barazani. Alilitazama gari likimchukua mwanawe. Kisha akamtazama Ridhaa.

"Mama..."

Hakumlaani. Laiti angemlaani. Aligeuka tu kwa wanawake waliosimama mlangoni, sauti yake ile ile ya kuendesha jiko.

"Mfungieni chakula. Mgeni anaondoka."

Wakamfungia. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akautundika mfuko kwenye usukani wa pikipiki. Akavaa helmeti, akapiga teke moja, Honda ikaitika. Hakuangalia nyuma.

Pilau lilikuwa la moto bado. Likamchoma goti njia nzima.