Masafa ya Usiku, Saa Tisa Mchana

Mlango wa chuma ulibamizwa. Kufuli mbili. Basi.

Hamoonga, jasusi namba tano wa Idara, alibaki amefungwa mikono kwenye nguzo, ndani ya ghala la asali na nta, Kabompo. Bastola yake, Browning, ilikuwa kiunoni mwa Verhaegen, mlanguzi wa silaha. Nje, mapipa sita yaliyoandikwa ASALI, yenye makombora ya kutungulia ndege tumboni, yalipakiwa kwenye ndege, Antonov.

"Rubani anasubiri giza lipite," Verhaegen alisema kupitia dirisha la waya. "Mwanga ukirudi tunaruka, na hiyo nta inawashwa moto na wewe humo humo. Kesho utasikia habari za ndege ya abiria. Aa, samahani! Hutasikia."

Akacheka, akaonyesha redio chini ukutani, hatua moja kutoka kwenye nguzo.

"Ita watu. Kristali ya mchana, kile kijiwe cha kuweka masafa, ninayo mfukoni, nimekuachia ya usiku. Saa tisa hii, nani atakusikia?"

Hakuna. Mchana, jua huunda tabaka angani linalomeza masafa ya usiku yote.

Ila leo jua linapatwa. Na Lusaka yuko Inonge, fundi mitambo wa Idara, Mlozi, mtani wake. Asubuhi Hamoonga alimcheka.

"Mla samaki, unasikiliza masafa ya usiku mchana kweupe? Una akili wewe?"

"Mchunga ng'ombe, nyamaza ujifunze. Kivuli kikipita, lile tabaka linafifia. Mawimbi yanapenya, yanagonga tabaka la juu zaidi, yanarudi chini mbali kabisa. Dakika chache tu. Nitakuwepo."

Hamoonga alinyoosha mguu, akawasha redio kwa ncha ya kiatu, akakivuta kinasa sauti kwa waya wake, akakibana kwa kidevu.

"Inonge! Inonge!"

Mkwaruzo mtupu.

Aliogopa. Aliogopa haswa.

Mstari wa mwanga chini ya mlango ukafifia. Ukazimika. Nyuki wakanyamaza. Mkwaruzo ukapungua, na rumba ya Kinshasa ikaibuka redioni kama usiku wa manane.

"Mla samaki! Namba tano hapa! Ghala la asali, Kabompo. Makombora. Antonov. Mwanga ukirudi wanaruka!"

Akatega sikio.

"Mchunga ng'ombe! Nimekupata! Kambi ya jeshi iko hapo karibu, nawapigia sasa hivi. Usife, tafadhali, us—"

Mstari wa mwanga ukarudi. Mkwaruzo ukammeza Inonge.

Injini zikanguruma. Petroli ikanuka mlangoni. Kiberiti kikakwaruzwa.

Pa! Pa! Pa!

Tairi la Antonov likapasuka. Mtu akapiga yowe. Mlango ukaanguka, askari wakaingia na kumfungua Hamoonga.

Verhaegen alikuwa amelala kifudifudi mavumbini. Hamoonga akachukua Browning yake, akapekua mfuko wa jamaa, akatoa kristali ya mchana na kuipachika redioni.

"Mla samaki, mapipa yote sita tunayo. Huku watu bado wanapiga vigelegele, mimi nilikuwa kizani kama panya. Hebu niambie, jua lilikuwaje?"

Inonge akajibu.

"Sijui. Sikutoka nje. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Hamoonga akazima redio. Akachovya kidole kwenye asali, akakilamba, akatoka nje taratibu, bila kugeuka.