Kenge Watatu wa Gedion

Walipotoka tu kwenye mlango wa bahari wa Jego, mashine ilikohoa mara mbili, ikazimika. Upepo ukaikamata mashua ubavuni, mvua ikawapiga nyuso, na kabla Waridi hajashika kasia walikuwa wamekwisha kubwagwa kwenye kisiwa cha mawe makali na vichaka. Ubao wa chini ukapasuka. Gedion akaruka, akachanika unyayo.

Mvua ikakoma. Waridi, mjane aliyekula kwa kusafirisha mizigo ya watu, na leo magunia ambayo Gedion alimwambia ni ya kaa, akamfunga jeraha kwa pindo la leso yake. Kisha akainua dumu la maji ya kunywa. Jepesi!

"Gedion, maji yako wapi?"

Gedion, mtu wa bara, mhudumu wa hoteli huko Diani, akainamisha kichwa. "Nilimwagia magunia, mama. Wasikauke."

"Kaa gani hao wa kumwagiwa maji ya kunywa? Kaa humwagiwa ya chumvi!"

Gunia moja likajigeuza, ukachomoza mkia wenye mabaka ya manjano. Wallahi hawakuwa kaa. Walikuwa kenge watatu, wa aina isiyoonekana ovyo, midomo imefungwa kwa selotepu. Tajiri mmoja aliwangoja Msambweni awapeleke ng'ambo, wakafugwe ndani ya vioo.

"Ewe mwana! Umenipakiza kenge mimi!"

Siku ya pili ndimi zilivimba. Gedion alianza kusinzia juani, na Waridi hakutaka asinzie.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kimenizunguka pande zote, na kiu yaniua."

"Bahari, mama. Hicho hata mtoto anakijua."

"Haya, basi hujafa bado. Wafungue hao."

"Tajiri ataniua."

"Tajiri yuko kivulini anakunywa soda. Wanaokufa ni sisi na hao."

Gedion akakata kamba, akabandua selotepu polepole. Wawili wakatimka vichakani. Wa tatu, dhaifu, akatoa ulimi, akaonja hewa, akajikokota hadi chini ya kichaka walichokipita mara tatu. Akaingiza kichwa kwenye ufa wa jiwe. Koo lake likawa linapanda na kushuka.

"Anakunywa!" Waridi akasema, sauti imekauka.

Yalikuwa maji ya mvua ile, yenye uvuguvugu na majani makavu. Wakamwacha kenge ashibe. Hakuna aliyemwambia mwenzake wasubiri. Kisha Gedion akachovya shati, akamkamulia Waridi kinywani, ndipo naye akanywa.

Asubuhi ya tatu mvuvi Athmani aliiona leso ikipungwa, akawachukua hadi Jego. Tajiri, aliyechoka kungoja Msambweni, alikuwa amekwisha fika ufuoni na gari lake.

"Mzigo wangu?"

"Umeshuka njiani," Gedion akajibu.

"Umeshuka wapi?"

"Kwao."

Tajiri akatukana, akaondoka kwa vumbi. Gedion hakugeuka kumtazama. Jioni alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwa Waridi, ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili, machozi yakimdondokea.

"Alhamdulillahi," akasema, yeye mtoto wa kanisani, na hakuna aliyecheka.

Waridi akamsogezea kata ya maji. "Kunywa, mwanangu. Yapo mengi."