Mnara Usiosogea

Moto ulianzia chini ya boneti, na kabla dereva hajazima injini ulikuwa umeshapanda kwenye viti. Waliruka. Walichookoa ni turubai na dumu moja la maji, tena nusu. Dereva aliungua mguu, ngozi ikambabuka kuanzia kifundo hadi vidoleni. Abiria wake alikuwa mke wa kaka yake, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa shule ya ng'ambo ya jangwa.

Hapakuwa na cha kukimbilia ila mnara wa redio, mwembamba kama sindano, mbali mbele yao.

"Kilomita ngapi, shemeji?" dereva aliuliza.

Mwalimu alinyoosha mkono, akasimamisha kijiti cha kiberiti mbele ya jicho, akakwaruza kwa kucha pale kilele kilipofikia.

"Urefu wake siujui. Nakisia mita mia, kama ule wa mjini. Basi ni kama kilomita tisa."

"Unakisia?"

"Nakisia, halafu napima. Tukitembea tatu, lazima uonekane mkubwa kwa nusu zaidi. Usipokua hivyo, nimekosea."

Walitembea. Jua liliwachoma utosini. Dereva alichechemea huku amekaza meno. Kwa hesabu ya hatua, tatu zilipotimia, mwalimu alipima. Akapima tena. Kijiti kikamponyoka.

"Sema, shemeji."

"Umekua kidogo mno. Ni mrefu karibu mara tatu ya nilivyodhani. Bado zaidi ya ishirini."

Dereva alitikisa dumu. Maji yalilia chini kabisa.

Miguu ya mwalimu ilitaka kukimbia. "Kwa jua hili hatufiki," alisema. "Tukae. Likizama, twende."

Walijilaza chini ya turubai, midomo ikipasuka, wakigawana maji kwa kifuniko cha dumu. Mara dereva akaacha kujibu. Mwalimu alimzaba makofi, akimwita, akimwita, hadi akafumbua macho. Jua lilipotua alimwegemeza begani, wakaifuata taa nyekundu ya mnara.

Alfajiri mlinzi wa mnara alikuta watu wawili wametambaa hadi langoni.

"Polepole, dada, mtatapika," alisema akiwapa maji.

Dereva alikunywa, akalala palepale. Mwalimu alishika kikombe bila kunywa. Alitazama mchanga walikotoka, akiwaza jinsi alivyoliamini lile jibu la kwanza, na kwamba bila kulipima wangekufia juani. Hapo ndipo alipolia.