Mistari Myeusi kwenye Vijiko vya Fedha

Kila siku akitoka shule, Kitinda hakuelekea nyumbani. Alizunguka nyuma ya nyumba ya wageni, akaingia kwa mlango wa jikoni, akamsubiri mama yake amalize kazi. Mama yake alikuwa mtunza vyombo. Asubuhi alipanga sahani, mchana akaziosha, jioni akazipanga tena, na kufikia saa ya kuondoka miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa kuingia.

Mpishi wa pale aliitwa Mjomba Mwiko, maana mwiko haukumtoka mkononi hata alipokuwa akisalimia watu. Kila Kitinda alipofika, alimsogezea kigoda na kikombe cha chai, akamwambia anywe kwanza, hesabu za mwalimu hazina miguu ya kukimbia.

Kazi iliyomchosha mama kuliko zote ilikuwa ya vijiko vya fedha. Vilikuwa vya marehemu mama yake Bi Mkubwa, mwenye nyumba ile, na vilitolewa kwa wageni wa heshima tu. Fedha haitaki haraka. Ilibidi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikaushwe kimoja kimoja, kisha viviringwe ndani ya kitambaa laini na kufungwa kwa utepe wa pamba, ndipo viwekwe sandukuni. Mama alisema kijiko kikifungiwa na unyevu hufubaa, halafu huwa cheusi.

Siku moja wageni wa heshima walikawia kuondoka. Mama aliketi juu ya kreti katika stoo iliyo kando ya jikoni apumzishe mgongo, kitambaa kikiwa bado mkononi, na usingizi ukamchukua palepale. Kitinda alimtazama. Mdomo wa mama ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtoto mchanga. Hakuwa na moyo wa kumwamsha, basi akaendelea na vijiko mwenyewe.

Lakini naye alikuwa hoi. Alivipangusa juujuu tu. Vitambaa na tepe vilikuwa mapajani mwa mama, kwa hiyo akachukua mipira ambayo Mjomba Mwiko hufungia mboga, akafunga nayo vijiko mafungu mafungu. Hakuona ajabu. Nyumbani kwao kila kitu kilifungwa kwa mpira: mfuko wa sukari, kifuniko cha redio, hata ndala ya kaka yake iliyokatika.

Mama alipozinduka, sanduku lilikuwa limeshafungwa. Aliuliza kama vijiko vimekauka vizuri, na kama vimefungwa kwa utepe. Kitinda alijua havikukauka. Alijua pia kwamba akisema hivyo, mama atafungua sanduku na kuanza upya, na miguu ile imevimba vile.

"Ndiyo, mama," alijibu. "Kama unavyofanya wewe."

Wakaenda nyumbani polepole, mama akimwegemea begani.

Mvua zilikuja zikapita ndipo sanduku lilipofunguliwa tena. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, hakuna shule, na Kitinda alikuwa amefuatana na mama kazini; wageni wa heshima walitarajiwa mchana. Bi Mkubwa mwenyewe aliinua kifuniko. Vijiko vilikuwa vimefubaa vyote, na pale mipira ilipobana palikuwa na mistari myeusi kama wino.

Bi Mkubwa hakupaza sauti. Aliketi tu, kijiko kimoja kiganjani, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Mama alisema kwa unyonge kwamba yeye hafungi kwa mipira, hufunga kwa utepe, na bintiye ni shahidi. Macho ya Bi Mkubwa yakahamia jikoni, kwa kuwa mle ndani hakuna mwingine aliyetumia mipira ila mpishi. Alimwambia Mjomba Mwiko kwamba akimaliza chakula cha leo, aache aproni mezani na asirudi kesho.

Mjomba Mwiko alifungua kinywa, akamwangalia mama, akakifunga. Kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Kitinda alisimama mlangoni. Akisema kweli, itajulikana kwamba mama alilala kazini. Akinyamaza, mtu aliyemsogezea kigoda kila siku ataondoka. Alitazama kile kigoda.

"Ni mimi," alisema. "Nilivifunga vikiwa na maji. Mama alikuwa amelala, nikamdanganya kwamba nimetumia utepe."

Mama alifunika uso kwa mikono. Bi Mkubwa alimgeukia mpishi, akamuuliza kama alijua.

"Nilimwona mama yake amelala, na mtoto anachukua mipira," alijibu Mjomba Mwiko. "Nikaurudisha mlango taratibu, makelele ya sufuria yasimwamshe. Leo ningesemaje, Bi Mkubwa? Mimi sina mtoto wa kusomesha; yeye anaye."

Bi Mkubwa alikiweka kijiko mezani. Alimwomba mpishi radhi, akasema aproni ibaki ilipo. Kisha akavuta kiti karibu na mama, akamwambia kwamba kuanzia sasa vijiko vya fedha vitaoshwa na kufungwa asubuhi ya siku inayofuata, mtu akiwa amepumzika.

Wote wanne walianza kusugua. Mama alisaga chaki, akaichanganya na maji, akamwonyesha Kitinda kusugua kwa kitambaa laini kufuata urefu wa kijiko, kamwe si kwa mchanga wala steliwaya ya kusugulia sufuria, maana hivyo hukwaruza. Mikono iliwauma. Mjomba Mwiko alisema akipata mgeni atakayekula taratibu vile walivyosugua, atamwongezea nyama. Wageni walipogonga mlango, mistari ilikuwa imefutika.

Asubuhi iliyofuata waliviosha, wakavikausha, wakavifunga kwa utepe, na mama akaweka kipande cha chaki ndani ya sanduku kinyonye unyevu.

"Ulinihurumia, nashukuru," alimwambia Kitinda. "Lakini ungeniambia kweli siku ile, kitambaa kikavu kingetosha. Tuliponyamaza, doa likapata muda wa kukua, likataka kumla mtu asiye na kosa. Hata kama nimechoka, niambie kweli. Uchovu wangu utaisha nikilala."

Aliketi juu ya kreti, na baada ya muda kope zikaanza kumshuka. Kitinda alimgusa bega.

"Mama, amka. Hivi viwili bado vina maji."

Mama alicheka kwa uchovu, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.