Ndege ya Magongo

Majirani, msinikodolee macho kana kwamba haya yalitokea mtaa mwingine. Yalitokea hapa hapa, kwetu sisi wapiga makofi, na anayehisi kiatu kinambana asimtupie mwenzake.

Ilikuwa Jumapili mchana, saa ambayo hata misumeno hupumzika. Mke wa seremala, ambaye ni fundi cherehani, aliondoa vitambaa juu ya meza yake ya kukatia ili mumewe atandaze ramani mbili za ndege. Ndiyo, ndege! Mtu huyu aliota kuruka tangu akiwa na meno ya utoto. Mtaa ulishampachika jina la Rubani, ingawa hajawahi kufika juu zaidi ya paa alilokuwa akiezeka.

Ramani ya kwanza ilikuwa ya ndege ndogo ya mbao na kitambaa: kiti kimoja, mabawa marefu, mwendo wa taratibu, na chini ya kila bawa nguzo mbili za kulishikilia. Ya pili ilikuwa ya ndege ya kasi, yenye viti viwili na mabawa mafupi yasiyo na nguzo, kwa sababu kiwiliwili chake kimeimarishwa mabegani, pale mabawa yanapojishikiza.

"Fundi mwenzangu, wewe ungeanza na ipi?" seremala akauliza.

"Mwanafunzi wangu simwanzishi na suti," mke akajibu. "Namwanzisha na gauni la mstari mnyoofu. Akikosea, tunafumua. Huko juu, baba, utafumulia wapi?"

Seremala akacheka, akaikunja ramani ya pili. Binti yao wa miaka minane akachora ua jekundu pembeni mwa ile ya kwanza, na baba yake hakumkemea. Laiti mambo yangeishia hapo!

Kwa miezi mitano karakana ilinukia gundi na mbao mbichi. Kiwiliwili kilipokamilika, akavuka barabara kinyozi wa pale mkabala, mtu ambaye ulimi wake una makali kuliko wembe wake. Akaitazama ramani ukutani, akaangua kicheko.

"Rubani, hizi nguzo za nini? Ndege yako ina magongo?"

"Hizo ndizo zinazobeba uzito wa..."

"Ndege ya magongo! Jamani, njooni muone! Ndege imetoka hospitali!"

Wateja wake wakatoka na povu mashavuni, wakacheka. Kesho yake watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, walikuwa wakipita mbele ya karakana wakichechemea kwa makusudi. Nilisema watu wazima. Mnajijua.

Seremala alishavumilia njaa, jua na vidole kupondwa na nyundo. Kicheko kilimshinda. Akaikunjua ramani ya pili, akaunda mabawa yake mafupi, kisha akayapachika kwenye kiwiliwili cha ndege ya kwanza, bila nguzo. Nyuma ya kiti kimoja akabana cha pili.

Mke alipoona, akagusa pale bawa lilipopachikwa. "Baba, bega la gauni hili halikukatwa kwa ajili ya mkono huu. Wewe mwenyewe, mguu wa meza ya chai ungeubebesha kabati?"

"Mbao nazijua mimi."

"Na ramani imeandikwa: usibadili kitu bila kumuuliza aliyeichora. Pia imeandikwa: usiruke kabla ya kupakia mabawa mifuko ya mchanga ili kupima nguvu yake. Umepakia?"

"Unataka wanicheke hadi lini?" akafoka. "Shona!"

Akashona. Hilo nalo nalisema, maana simtetei mtu. Wiki sita aliyavisha kitambaa mabawa asiyoyaamini, akiogopa kuitwa mke anayemvuta mumewe chini. Kila mshono ulimchoma kuliko sindano.

Siku ya kuruka, mtaa mzima ulihamia kiwanja cha vumbi. Kinyozi alifunga duka.

"Hiyo sasa ndiyo ndege! Safi!" akapaza sauti. "Lakini kiti cha nyuma mbona kitupu? Kama hata mwanao humpakii, basi hata wewe huiamini!"

Watu wakapiga makofi. Seremala akatazama huku na huku kama ng'ombe aliyezungukwa na nzi. Kisha akanyoosha mkono. "Binti, njoo upande."

Mtoto akapiga hatua mbili. Hakuwahi ya tatu. Mama yake alimvuta nyuma, akachomoa mkasi mfukoni mwa aproni, akalifikia bawa la kushoto na kulichana kitambaa toka bega hadi ncha. *Chaaa!*

"Mwanamke, umepagawa?" mtu akapiga kelele.

"Nimeshona mwenyewe, nafumua mwenyewe!"

Seremala akaushika mpasuko wa kitambaa. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Bora nikuvue nguo leo kuliko nikushonee sanda kesho. Na ya huyu mtoto, mume wangu, nikate mita ngapi?"

Seremala akamtazama binti.

"Ramani inasema mifuko arobaini ya mchanga kila bawa. Bawa la kulia zima. Lipakie. Likihimili, nitalishona hili upya, na kiti cha nyuma nitakikalia mimi."

"Leteni mchanga!" seremala akanguruma, akitaka kumwaibisha. Wanaume wakaipindua ndege, magurudumu juu, kama ramani ilivyoelekeza, maana angani hewa huyasukuma mabawa kwenda juu. Kinyozi akahesabu kwa mbwembwe: mmoja, miwili, mitatu. Mfuko wa kumi na moja ulipotua, bega lililia kama kuni kavu. Bawa likang'oka, likalala vumbini.

Kumi na moja. Kati ya arobaini.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," kinyozi akasema, akakumbuka ghafla kwamba ana wateja. Wengine nao wakakumbuka sufuria zao jikoni. Kuja walikuja mia. Kuinua mabaki walibaki watatu: baba, mama na mtoto.

Siku ya nne seremala akatoa ramani yenye ua jekundu, akaibandika ukutani, akaanza kupiga randa nguzo.

"Rubani, magongo yamerudi?" kinyozi akauliza toka mlangoni.

Seremala hakuinua kichwa. "Yamerudi. Ingia utusaidie kubeba mchanga, au pita."

Kinyozi akapita.

FUNZO

Usichague kazi ya kwanza kwa macho ya watazamaji. Chagua inayolingana na ujuzi wako, kisha uijaribu chini kabla ya kuipeleka juu. Mke, mume, ndugu: ukiona kosa, sema, na ukatae kulivisha kitambaa. Nasi tulioucheka uangalifu wa mtu hadi akauonea aibu, tusijiite watani. Tulikuwa tunachimba kaburi la mtoto kwa vicheko, na majembe yetu bado yana udongo.

Hayana bawa makofi, ukianguka hayapo;
Aliyekusifu, "Safi!", kwenye kilio hayupo.