Hakuna Aliyesema Basi

Pimabega ilimkumbatia Sekela kwa mikono yake ya chuma, ikaanza kuupeleka nyuma mkono wa kulia wa mrusha mkuki huyo, taratibu. Injinia Nasra Mndeme, aliyeibuni mashine hiyo, alisimama kando roho yake kwatu. Dodoma ya miaka hiyo haikumchagua mrusha mkuki bila pimabega: bega likizunguka mbali, mkuki unakwenda mbali. Na uzuri wake, mashine haikumlazimisha mtu. Mwenye bega akianza kuumia anasema "basi", nayo inasimama papo hapo.

"Nyuzi mia na thelathini," ilitangaza mashine.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sekela alikuwa akitafuna ubani, akimsimulia Nasra jinsi mwanawe alivyoota jino la kwanza.

"Mia na hamsini."

Nasra aliduwaa. Jamani, bega la binadamu haliendi huko!

"Mdogo wangu, sema basi!"

"Bado, dada. Mbona iko sawa tu."

Kitu kililia ka! ndani ya bega, kama ukuni mkavu. Nasra aliruka akabonyeza kitufe cha kuzima. Mkono wa Sekela ukaning'inia, kiganja kimegeukia upande usio wake, na mwenyewe bado anatafuna ubani.

"Mungu wangu! Huumii?"

"Siumii tangu Machi. Kocha alitupeleka tukachomwa sindano ya kuzima mishipa ya maumivu." Sekela akamshangaa. "Kwani hukujua? Wanaosema basi mapema wanaachwa. Mashine yako ndiyo inayochagua."

Nasra aliigeukia mashine yake. Miezi yote hiyo alikuwa akijisifu redioni kwamba mabega ya vijana wetu yanazidi kuwa mepesi.

"Dada," Sekela aliita, sauti imebadilika. Alikuwa anavitazama vidole vyake. "Mbona havinyanyuki? Nitambebaje mtoto?"

Madaktari walikuja mbio. Nasra alirudi nyuma, neno moja likimzunguka kichwani: alitupeleka. Si Sekela peke yake.

Akageukia foleni ya waliosubiri kupimwa. Wa mwisho, binti mrefu mwenye mabega mapana, alikuwa amempa mgongo. Nasra alimfinya begani kwa kucha, akakaza mpaka damu ikachuruzika.

Yule binti aliendelea kupiga soga na mwenzake.