Kisu Kisicho na Chapa

Kisu kilikuwa na unyevu. Hilo ndilo lililomshangaza Msasa mwanzo, maana alikuwa amekichomoa chini ya rundo la vyuma chakavu, kwenye jua kali, na kila kitu kingine mle kilikuwa kikavu na cha moto. Akakifuta kwenye suruali. Hatua tano mbele mpini ukawa umelowa tena, ukinuka ngozi mbichi. "Jasho langu hilo," akajiambia. Mwenye tamaa haambiliki, hata na pua yake mwenyewe.

Watu walimwita Msasa kwa sababu ya ulimi wake, uliokwaruza kila ulipopita. Kazi yake ilikuwa kunoa: visu vya jikoni, mikasi ya mafundi cherehani, mapanga. Kunoa alijua, hakuna ubishi. Lakini kutengeneza kisu, aa, hapo hakujaliwa. Vyake vilipinda, na mchinjaji jirani alimtania mbele za watu kwamba havikati hata nyanya iliyooza. Ilimuuma sana. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja, na Msasa alitaka mwanawe azaliwe kwa fundi, asizaliwe kwa mnoaji tu.

Basi akakichunguza kile kisu. Hakina jina, hakina namba, hakina alama ya kiwanda. Kilikuwa kisu cha kijeshi, hilo lilionekana, tena kimetengenezwa kwa mkono. Akatoa chapa yake, kipande cha chuma chenye nukta tatu, akaigonga juu ya ubapa kama alivyogonga visu vyake vyote: mapigo mawili ya taratibu, moja la nguvu. Ko, ko, kaa! Nani atajua? Akakitundika ukutani, na kila mteja akaambiwa ni kazi ya mikono yake. Mchinjaji alikigeuzageuza, akameza mate. "Msasa, leo umeniziba mdomo." Bwana wewe, Msasa alitembea siku ile kifua mbele.

Kesho yake, wakila chakula cha mchana, mkewe aliacha kutafuna.

"Umemwachia nani karakana?"

"Nimwachie nani? Nimefunga."

"Kuna mtu ananoa."

Wakasikiliza. Jiwe lilikuwa likilia taratibu, shwaa, shwaa. Msasa alipofungua mlango hakuona mtu. Jiwe lilikuwa limelowa, na kisu kilikuwa mezani badala ya kwenye msumari wake. Nyuma ya mlango, chini, usawa wa goti, sauti nyembamba ikasema, "Baba."

Hakumwambia mkewe. Lakini jioni ile mke mwenyewe alishika tumbo, akamnong'oneza, "Tangu mchana hachezi. Hajawahi kunyamaza hivi." Mkunga alipima, akasema moyo wa mtoto unadunda, wangoje. Uso wake haukuonyesha kama anaamini.

Msasa akamwita mjomba wake, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini miaka ishirini na sita. Mzee alikataa kukigusa kisu. Alimwamuru mpwa wake akishike, naye Msasa akakishika, dole gumba likiwa juu ya zile nukta tatu.

"Ubapa huu umetoka kwenye springi ya lori," mjomba akasema. "Ribiti hizi zinazoshika mpini ni maganda ya risasi. Ngozi ya mpini sikwambii ni ya nini. Hiki kilitengenezwa vitani, na fundi hodari."

"Mbona hakuweka chapa, mjomba?"

"Mkono wa namna hii haushindwi kupiga chapa. Aliacha makusudi. Ndani ya visu kama hivi huwa mna jini, na jini humtafuta aliyemleta duniani. Asipokuta chapa, hajui pa kwenda. Akiikuta, anakuja kudai haki ya mwana. Na hawa hawakubali kuwa na ndugu." Akamtazama. "Wewe hukuigonga yako, sivyo?"

Hapo ndipo pa kusema. Angesema, yote yangeisha.

"Mimi? Kwani nina wazimu?"

Siku mbili zilizofuata nyumba nzima ilinuka ngozi mbichi. Siku ya tatu, saa sita mchana, Msasa alimwona mkewe amesimama karakana, macho wazi lakini hamwoni, mkono mmoja juu ya tumbo na mwingine umeshika kile kisu, akikipitisha juu ya jiwe, shwaa, shwaa, na kila kilipopita ile sauti nyembamba ilisema "Baba", ikasema "Baba, mmoja anatosha", ikasema tena na tena, ikizidi kusogea, haitoki tena nyuma ya mlango wala chini ya meza bali karibu, karibu kabisa na pale mkono wa mkewe ulipolala juu ya tumbo, mpaka Msasa akamrukia, akakinyang'anya, akakimbia peku mpaka kwa mjomba, akalia kama mtoto.

"Nilidanganya. Niligonga."

Mjomba hakumlaumu. Alimrudisha karakana, akawaita wote waliodanganywa. Mbele ya mchinjaji na jirani zake Msasa akachukua tupa, akazikwangua nukta tatu huku machozi yakimtiririka.

"Kazi hii si yangu. Sikumtengeneza huyu, simjui, si mwanangu!"

Nukta ya mwisho ilipofutika, mpini ukakauka. Kisu kikawa chepesi, chuma tu. Harufu ikaisha. Mjomba akakifunga kwenye kitambaa. "Ametoka," akasema, akaondoka nacho.

Msasa aliingia ndani. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, ana akili zake, anacheka na machozi.

"Mume wangu, njoo! Anacheza! Ameanza ulipokuwa unapiga kelele huko nje."

Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo, akimshukuru Mungu kwa sauti. Ngozi ya mkewe ilikuwa na unyevu.

Kutoka ndani, mapigo mawili yalimgusa kiganja, ya taratibu. Kisha moja la nguvu.

"Umeona?" mkewe akasema. "Anakujua baba yake."